Mkataba wa Kule

Chumba 412, Hoteli ya Mkutano
3 Februari

Mdogo wangu Bomba,

Natumaini umzima. Ukiikuta barua hii imefunguliwa usimlaumu mtu wa posta. Zetu zote zinasomwa kabla ya kutoka hapa, na yasiyowapendeza wanayapaka wino mweusi. Ukiona doa, ujue dada yako alijaribu kusema kitu.

Kazi ni ile ile. Nakaa ndani ya kibanda cha vioo, vipokea sauti masikioni, wenyeji wakisema nasema, wetu wakijibu najibu. Mliniita Kasuku nikiwa mdogo kwa sababu nilikuwa namrudishia Mama kila neno alilotamka, na sasa nalipwa mshahara kwa utundu ule ule. Kinachonishangaza ni kwamba pande mbili zinazouana kwetu zinasema lugha moja, na bado hazitaki kuongea bila mtu katikati. Jana Kanali wa upande wa pili alitaka chumvi mezani. Akamwambia mwenyeji, mwenyeji akaniambia mimi, mimi nikamwambia Mzee wa Miwani, kiongozi wa ujumbe wa serikali, ambaye alisikia tangu mwanzo na chumvi iko mbele yake.

Wenyeji wana haraka kuliko sisi. Wanataka mkataba upatikane hapa ili uitwe kwa jina la mji wao, na Meya ameshatenga ukuta wa kuchonga hilo jina. Kuna miji imeingia kwenye vitabu vya historia kwa sababu tu ilikuwa na hoteli nzuri, na watu waliochoka vita wakalala humo.

Niambie habari za Mama, na usinifiche. Yuko peke yake upande ule wa mto, hana mtu ila jirani yetu Mama Mapacha, na hospitali iko huko kwako mjini. Bado unavuka daraja kila Jumamosi kumpelekea sindano zake za sukari? Nakuona umelala kwenye kile chumba cha nyuma ya mtambo wa maji, kama Baba alivyolala miaka yote. Unakumbuka alivyokuwa anafunga mfuko wake Jumamosi mchana, anawaambia wenzake, "Mimi naenda ng'ambo"? Neno likatuganda, mpaka sisi tulio barazani kwetu tukawa tunapaita kwetu ng'ambo. Majirani walitucheka sana: watu gani hawa, wako kwao na bado wako ng'ambo.

Nisalimie kila anayenikumbuka.

Dada yako,
Kasuku


Mtambo wa Maji
19 Februari

Dada, shikamoo.

Barua imefika na doa moja tu, kwa hiyo umeanza kujifunza adabu.

Hapa hakuna anayeweza kulitamka jina la mji huo. Mtangazaji wa redio analitamka kila siku kwa namna mpya. Watu wamechoka, wanasema Kule. "Kule wamesemaje leo?" "Kule wamekula, wamelala." Mpe pole Meya na ukuta wake. Huo mkataba ukipatikana huku kwetu utaitwa Mkataba wa Kule, basi.

Mtambo unafanya kazi. Pampu moja imekufa, tatu zinakohoa, na mimi ndiye daktari. Bomba kubwa linalopita chini ya daraja halijaguswa na risasi hata moja. Nadhani pande zote zinaoga.

Mama hajambo. Yuko nyumbani, anakaa barazani kwake, anamsema kila mpita njia. Sindano anapata. Ana kidonda kidogo mguuni lakini kinaendelea vizuri, usianze kulia. Analalamika tu kwamba mashine zinamnyima usingizi, zinanguruma usiku kucha. Anasema uvae nguo nzito na usiwajibu wakubwa.

Mdogo wako,
Bomba


Hoteli ya Mkutano
8 Machi

Bomba,

Mashine gani hizo? Kwetu kule hata umeme hakuna. Na mtu mwenye sukari hana kidonda kidogo. Nijibu hayo mawili kabla ya kunichekesha.

Nikupe habari zangu. Leo nimeshinda vita ya neno moja. Kwenye rasimu ya kifungu cha tisa waliweka neno lile la Baba. Unalijua. Wote wawili, Kanali na Mzee wa Miwani, walikuwa wameridhika nalo, na nilipowatazama nikaelewa kwa nini: kila mmoja angerudi kwake akawaambie watu wake kwamba linamhusu mwenzake. Nikatoka kwenye kibanda. Mkalimani hatoki kwenye kibanda, lakini nilitoka. Nikawaambia neno hili halina makazi, linahama na mtu anayelisema, mkiliacha humu watu watakufa kwa ajili yake. Nikawapa mfano wa Baba na mfuko wake wa Jumamosi. Kanali akacheka. Mzee wa Miwani hakucheka, ila alivua miwani akaifuta, na alasiri neno likafutwa, yakawekwa majina ya dira. Sasa kifungu hakina shimo hata la kupitisha sisimizi.

Wenyeji walinipigia makofi. Mwanasheria wao mmoja alinipa mkono akasema kazi ya namna ile ndiyo inayofanya mkataba udumu. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu nije.

Dada yako,
Kasuku


Mtambo wa Maji
22 Machi

Dada, shikamoo.

Hongera ya neno. Nimemsomea Mama, akasema, "Si nilimwambia asiwajibu wakubwa," lakini siku nzima alikuwa anawahadithia watu kwamba binti yake ndiye anayeandika mkataba wenyewe na hao wazee wanashika kalamu tu.

Mashine ni jenereta ya Mama Mapacha. Kajinunulia. Na kidonda kinapona, nimekwambia.

Hapa mambo si shwari. Wiki hii tumezika watu wawili wa zamu yetu, waliokuwa wanafunga vali pale chini ya daraja. Mtu haelewi akae au ahame, na akihama ahamie wapi. Kila ninayekutana naye ananiuliza mimi, kwa kuwa dada yangu yuko Kule. Siwajibu. Lakini mimi nakuuliza wewe: tufanye nini? Sikwambii useme siri za watu. Sema tu kama dada anavyomwambia mdogo wake, nami nitafanya bila kuuliza mara mbili.

Bomba


Hoteli ya Mkutano
2 Aprili

Mdogo wangu,

Mpeleke Mama ng'ambo kabla ya mwisho wa mwezi. Nenda naye wewe mwenyewe, usimtume mtu. Akigoma mwambie ni mimi niliyesema. Habari ya dawa isikutie hofu, huko zitakuwepo.

Usiniulize kitu, wala usinijibu kwa urefu.

Dada yako,
Kasuku


Mtambo wa Maji
15 Aprili

Dada, shikamoo.

Nimekuelewa vizuri kabisa. Mama kauliza ng'ambo ipi, kama utamtumia tiketi ya ndege. Tunavuka Ijumaa ya wiki ijayo.

Bomba


Hoteli ya Mkutano
30 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Mkutano umekwisha. Jana saa nne asubuhi walitia saini, kila mmoja kwa kalamu yake, maana hata kalamu hawakukubali kuchangia. Meya alihutubia kwa muda mrefu kuhusu mji wake. Mkataba una jina la mji kwenye jalada, kwa herufi za dhahabu, na ndani yake jina la mto wetu halimo. Kuna "mto" tu, kama vile dunia nzima ina mto mmoja. Nilitafsiri hotuba zote, sauti ikakauka, mhudumu mmoja akaniletea maji akidhani nalia. Labda nilikuwa nalia.

Wasomaji wa barua wamefungasha, kwa hiyo sasa naweza kusema. Kifungu cha tisa kinasema hivi: usiku wa kutia saini daraja linafungwa. Ukingo wa mashariki ni wa upande wa pili, ukingo wa magharibi, yaani mjini, ni wa serikali. Hakuna mtu atakayevuka kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine kwa sababu yoyote, mpaka sensa ifanyike Agosti na wazee wakutane tena. Kila mtu atahesabiwa pale alipokutwa. Nililijua hilo tangu Februari, nikiwa nimekula kiapo, na kila barua niliyokuandikia nilikuwa nauma ulimi.

Ndiyo maana nikakuandikia vile. Ningesema "mjini" wangelipaka wino, ningesema "daraja" wangenifukuza. Nikakaa na karatasi usiku mzima, na lililonijia ni neno lile lile nililowakataza wengine. Nilicheka peke yangu. Nikasema wasomaji hawataelewa kitu, lakini Bomba hawezi kukosea, maana Mama yuko nyumbani, na mtu aliyeko nyumbani hapelekwi nyumbani. Ng'ambo yake ni mjini, penye hospitali na penye wewe.

Mwambie Mama avumilie kelele za pampu zako na chumba kidogo. Nikirudi nitamtafutia pazuri. Jana walipofunga daraja nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi uliojaa maua, na mtu pekee niliyemfikiria ni yeye, na moyo wangu ulikuwa umetulia.

Dada yako,
Kasuku


Mtambo wa Maji
11 Mei

Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Mama yuko nyumbani. Nimempeleka mimi.

Nilikudanganya tangu Februari. Mwezi wa kwanza bomu liliondoa nusu ya paa letu, na mguu wake ulikuwa umevimba, nikambeba nikamleta huku kwenye chumba cha Baba. Alilala kitandani, mimi sakafuni. Mashine zilizomnyima usingizi ni pampu zangu. Mama Mapacha hajawahi kuwa na jenereta. Mama ndiye aliyeniapisha nisikwambie: "Akijua nyumba imepigwa ataacha kazi arudi, na akirudi nani atawasemea hao wazee?" Na mimi sikubisha sana, kwa sababu nami nilitaka uendelee kutujua kama tulivyokuwa, wewe ukisema Mama yuko barazani na mimi nikisema ndiyo.

Ulipoandika ng'ambo sikujiuliza hata kidogo. Mama yuko mjini, ng'ambo ni kwetu, na tangu Baba afe hapajawahi kuwa na ng'ambo nyingine kwetu sisi. Uliposema dawa zitakuwepo nilishangaa, nikajipa jibu mwenyewe: mkataba unaleta zahanati kule. Niliwaambia hata wenzangu wa zamu. Wawili wakahamisha familia zao.

Ijumaa ile niliazima kiti cha magurudumu hospitalini. Nilikuwa nimepiga paa mabati wiki moja kabla, nikienda na kurudi. Tulipofika katikati ya daraja Mama akashika magurudumu kwa mikono yake, kiti kikasimama. Akaniuliza, "Una hakika ndivyo alivyosema?" Nikamwambia, "Mama, mwanao ndiye anayeandika huo mkataba. Atakosea vipi?" Akaachia magurudumu.

Nilimwachia sindano za wiki mbili. Nikakaa naye siku tano, kisha nikarudi kazini usiku wa tarehe ishirini na nane, maana pampu ya pili ilikuwa inavuja. Nilimwambia nitakuja Jumamosi. Asubuhi ya thelathini nilikuta waya wa miba umepita katikati ya daraja, pale pale aliposhika magurudumu.

Nimekwenda kila siku. Askari wa huku ananijua, alikuwa anacheza mpira na mimi. Ananionyesha karatasi, anasema, "Bomba, imeandikwa kwa sababu yoyote. Ningekuwa na sehemu ya kusingizia ningekupitisha."

Bomba linavuka. Mkataba unaruhusu maji yavuke. Kila alfajiri nafungua vali, na baada ya dakika chache najua Mama anafungua bomba pale uani.

Dada, fanya kitu. Wewe uko Kule.

Bomba


Ofisi ya Barua, Jengo la Mkutano
20 Mei

Mdogo wangu,

Sitakwambia nilivyokuwa baada ya kusoma. Nitakwambia nilichofanya.

Nilikwenda kwa Mzee wa Miwani, bado hajaondoka, anatibiwa meno hapa. Nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, akaniagizia chai. Akasema, "Binti yangu, kama neno lile lingekuwepo, leo leo ningempigia Kanali simu. Ningemwambia mama huyu si mtu wa ng'ambo, naye angebisha, mimi ningebisha, na katikati ya kubishana bibi angekuwa ameshavuka. Mikataba yote ina tundu, na watu huponea humo. Wewe uliliziba." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasikitika kweli, na shavu lake limevimba upande mmoja.

Nilikwenda kwa Kanali. Hakunipokea, ila alitoa salamu kwamba ananiheshimu sana kwa kazi ya kifungu cha tisa.

Nilikwenda kwa mwanasheria yule aliyenipa mkono. Alifungua kifungu, akakisoma mara tatu akitafuta, akasema kwa masikitiko kwamba hajawahi kuona kifungu kilichofungwa vizuri namna hii.

Nilichopata ni hiki. Barua na vifurushi kati ya kingo mbili vitapitia hapa. Mto unaouvuka kwa mguu wakati chai haijapoa, barua itapanda ndege mbili kuuvuka. Nimeomba kazi kwenye ofisi hiyo na wamenipa. Nimeshatuma sindano kwa Mama kwa jina la Mama Mapacha. Zinakaguliwa na upande mmoja, kisha na upande mwingine. Wanasema wiki tatu. Nimewaambia hana wiki tatu. Wamesema wanaelewa.

Usijilaumu. Uongo wako ulikuwa wa mapenzi. Mimi nilikuwa na maneno yote ya lugha mbili mkononi, nikachagua lile.

Kasuku


Ofisi ya Barua
27 Juni

Bomba,

Ndani ya hii kuna barua ya Mama, aliyomtamkia Mama Mapacha aandike. Imefika leo. Isome kwanza, kisha ndipo usome karatasi yangu ya pili. Nakuomba ufuate utaratibu huo.


Nyumbani
24 Mei

Wanangu wote wawili, maana najua Kasuku ataisoma hii kabla yako, hajawahi kuiacha barua ya mtu tangu ajue kusoma.

Mimi mzima. Najua huko mliko mnalaumiana. Nani kawaambia mimi sikutaka kurudi kwangu? Kile chumba cha Baba yenu kilikuwa kinanuka grisi, na Bomba unakoroma kuzidi hizo pampu. Hapa nakaa barazani, bati jipya linang'aa, na kila anayepita lazima aniambie anakwenda wapi.

Maji yanafika. Asubuhi nikifungua bomba likakohoa nasema, haya, mwanangu kaamka. Juzi yalichelewa nikapata wasiwasi. Usichelewe tena.

Dawa ninazo tele. Mguu unapona.

Kasuku, wamekulisha vizuri huko? Ukimaliza uje. Kama daraja bado limefungwa, mkae huko mjini na mdogo wako, mnipungie mkono, mimi nitawaona. Macho yangu hayajawahi kuwa na tatizo.

Msianze kunyoosheana vidole. Mkinyoosheana mtanifanya mimi ndiye mwenye kosa, na mimi sitaki kesi.

Mama yenu

Hili naongeza mimi Mama Mapacha, yeye kalala. Sindano ya mwisho ilikwisha wiki mbili zilizopita. Mguu umebadilika rangi mpaka gotini. Kaniambia niandike tele, nimeandika tele. Kama kuna kitu mnaweza kufanya, kifanyeni sasa.


(karatasi ya pili)

Mdogo wangu, kwenye mfuko huo huo wa posta kulikuwa na karatasi nyingine ya Mama Mapacha, ya tarehe nane Juni. Mama amefariki tarehe sita, alfajiri. Alikuwa hajitambui tangu jana yake. Amezikwa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, majirani wote walikuja. Mama Mapacha anasema bomba la uani lilikuwa wazi, alilifungua mwenyewe kabla hajazidiwa, akataka lisifungwe, asikie.

Daftari la ofisi linasema sindano zilifika tarehe kumi na tisa.

Nimekaa na barua hizi mbili mezani, na kazi yangu ni kuzipiga muhuri zipite. Nimezipiga muhuri. Sijui nikwambie nini, na hii ni mara ya kwanza maishani mwangu kukosa neno. Niandikie hata kama ni kunitukana. Tafadhali niandikie.

Kasuku


Mtambo wa Maji
17 Agosti

Dada, shikamoo.

Barua zako zote tano zimefika, hazikupotea. Nilikuwa nazifungua, naona mwandiko wako, nazikunja, mpaka juzi nilipozisoma.

Sina la kukutukana. Nilijaribu. Nilikaa hapa usiku nikitafuta mahali pa kuanzia, nikaona kila ninapoanza nakutana na mimi mwenyewe ninayekuandikia kwamba Mama yuko barazani. Wale wenzangu wawili waliohamisha familia zao kwa maneno yangu hawanisemeshi. Mmoja ameomba abadilishiwe zamu. Tunakaa chumba kimoja cha mashine, tunaachiana funguo mezani.

Siku ile niliyopata habari, nilikuwa nimeshamfungulia maji kwa mwezi mzima akiwa hayupo. Bado nafungua. Kuna watu wengine kule, wanahitaji kuoga. Sasa nafungua tu, sisikilizi.

Watoto wa hapa wana mchezo mpya. Mmoja anachora mstari kwenye vumbi, anayeukanyaga anaambiwa, "Umekwenda Kule," anatoka. Nadhani ndivyo jina la mji huo litakavyobaki kwetu.

Umeniuliza kama nataka uje. Njoo kama unataka, lakini sijui utafikia wapi. Katika chumba hiki siwezi kulala, nalala kwenye ngazi za mtambo. Kitanda chake bado kimetandikwa vile alivyokitandika asubuhi ile ya Ijumaa, akasema tusiache pamechafuka.

Jana walikuja watu wa sensa, ile ya kifungu chako. Karani kijana, mpole, kavaa kizibao kipya chenye jina la mkataba mgongoni. Akaniuliza jina, nikamwambia. Akaniuliza kazi, nikamwonyesha pampu. Akaniuliza baba, nikasema marehemu. Akaniuliza mama yuko wapi.

Nilitaka kusema marehemu, Dada, neno lile lile nililolisema sasa hivi kwa Baba bila shida. Nilifungua mdomo likatoka jingine. Nikamwambia, "Mama yuko ng'ambo."

Akanitazama kwa furaha, kama mtu aliyepata habari njema siku mbaya. Akasema, "Hongera, kaka. Mwenye mama ng'ambo hakosi kitu. Mwambie akufanyie mpango na wewe uende."

Nikamwambia ahsante, nitamwambia.

Mdogo wako,
Bomba